Inaingia

Gari lilizimika Tazara, taa ikiwa kijani,
keki ya ghorofa tatu imekaa siti ya nyuma
imefungwa mkanda kama bibi wa watu,
na bwana harusi wa Kigamboni
anapiga simu ya saba.

Halikukohoa. Halikuomba radhi.
Nikazungusha ufunguo, starta ikaimba,
injini ikanitazama kama mdaiwa sugu.

Fundi Chambuso alikuja na bodaboda,
akainua siti, akalaza sikio juu ya tanki.
"Washa. Zima. Washa tena.
Unasikia?"
"Sisikii kitu."
"Ndicho hicho. Pampu imekata kauli."

Nikamweka marehemu kwenye kopo la majarini,
nikaenda naye Gerezani,
mtaa ambao hata ukiuliza njia ya kutokea
unauziwa sailensa.

Duka la kwanza: "Inaingia, mama."
La pili: "Hiyo? Inaingia."
La tatu hakuangalia kopo, alikuwa anakula mihogo:
"Inaingia. Ukikaza kidogo."
Kijana mmoja, Shomvi, akanitolea mpya,
inang'aa kama sufuria ya maharusi,
plagi ina miguu mitatu. Yangu miwili.
"Huo mmoja tunaukata."

Nikampigia Chambuso. Akasema polepole,
kama anayemsomesha mtoto irabu:
"Gari lako la zamani, lina koo lake.
Ukilitilia pampu ya kabureta litakunywa kwa kijiko,
Kimara hulipandi.
Ukilitilia ya injini kubwa litapaliwa,
utanuka petroli mpaka kwenye aisingi.
Usiniletee ya kuchonga. Usiniletee ya kukata.
Nisomee namba."

Namba ilikuwa imefutika.
Miaka ishirini na sita ndani ya petroli,
nani asingefutika?
Shomvi akamulika kwa simu: "Mwisho ni tatu."
Jirani yake akasema tisa.
Mpita njia, ambaye hakuna aliyemwuliza, akasema B.

Mimi naoka keki. Kuingia nakujua.
Trei yoyote inaingia kwenye oveni yangu,
mlango unafunga, taa inawaka,
na bado katikati inatoka mbichi.
Nimewahi kurudishiwa keki ya kipaimara
na mama aliyekuja na kisu, kama kidhibiti.

Nikaipangusa pampu kwa ncha ya khanga mpaka ikakauka.
Mkobani mwangu hakukosi unga.
Nikanyunyiza kidogo, nikapuliza.
Unga ukabaki kwenye mikwaruzo,
tarakimu zikasimama nyeupe, moja baada ya moja,
na ya mwisho ilikuwa nane.
Mtaa ukanyamaza. Kidogo tu;
Gerezani hakunyamazi.

Nane hakuwa nayo Shomvi, wala mla mihogo.
Alikuwa nayo Nyamizi, kibanda cha mwisho kabla ya mfereji,
ndani ya boksi la viatu, ya mtumba,
imetoka kwenye gari lililogongwa usoni.
Yeye hakusema inaingia.
Aliuliza injini gani, kabureta au nozeli,
akazilaza mbili sambamba kama pacha waliopotezana,
akapima urefu, miguu, mdomo wa bomba,
akaigusisha betri sekunde moja, "isiungue, haina cha kunywa."
Ikavuma.
"Elfu sitini na tano."
Nikataja hamsini.
"Bei tutaongea," akasema, "namba ndiyo haiongeleki."

Keki ya Kigamboni ilikuwa imekwenda na bajaji,
ikafika ghorofa mbili.
Geji yangu bado ina uongo wake, siku zote ni nusu.
Ila siku hizi nazungusha ufunguo kidogo, nasubiri.
Vuuu. Sekunde mbili.
Miaka yote ile lilikuwa linanisalimu,
nami nikidhani ni kimya.